Je, Kuuliza Damu Kabla ya Nikahi ni Kukosa Tawakkul?

Katika darsa zetu za baada ya Isha limeletwa suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili matatu ya barazani. Nyumba moja ina mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi, na katika nyumba hiyo hiyo mna binti aliyeposwa. Je, yawapasa wazee wake kuueleza upande wa pili khabari za yule mtoto, au wasitiri? Na je, upande wa pili una haki ya kutaka binti apimwe damu? Watu waligawanyika papo hapo. Wako waliosema kwamba kupima damu kabla ya nikahi ni kuingilia qadari ya Mwenyezi Mungu. Wako na wengine, hasa vijana waliosoma, waliosema kwamba asili ya balaa lote ni jamaa kuoana, na kwamba desturi hiyo ipigwe marufuku. Sisi twaona makundi yote mawili yametoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Basi na tuutazame kwanza ushahidi, katika ugonjwa mmoja ambao unatuhusu watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Nyuma ya tezi ya shingo mwanadamu ana vitezi vinne, kila kimoja kiasi cha punje ya mchele, viitwavyo parathairoidi. Udogo wao uliwaficha machoni pa matabibu kwa karne nyingi. Wa kwanza kukieleza kitezi hiki alikuwa Mwingereza Richard Owen, katikati ya karne ya 19, wala hakukiona kwa mtu bali kwa kifaru wa India aliyefia katika bustani ya wanyama ya London. Kwa mwanadamu vilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden. Katika vitezi hivi hutoka homoni yenye viungo 84 vilivyofuatana kama shanga katika uzi, na kazi yake ni kulinda kipimo cha kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa, katika damu. Karibu 99 kwa mia ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kinachobaki ni kidogo mno, lakini ndicho kinachotumiwa na mishipa ya fahamu, na misuli, na moyo. Kikipungua, homoni hii huenda kukopa katika mifupa, huyazuia mafigo yasiipoteze kalsiamu katika mkojo, na huipa vitamini D nguvu ya kuifyonza kutoka katika chakula. Mifupa basi si nguzo za mwili tu; ni ghala, na homoni ndiye mshika funguo.

Mwaka 1991 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Saudia, miongoni mwao Sami Sanjad na Bibi Nadia Sakati, walitoa maelezo ya watoto 12 waliozaliwa wadogo mno, wakadumaa baada ya kuzaliwa, macho yao yameingia ndani, mikono na miguu midogo, na homoni hii kwao haba au haipo kabisa. Homoni isipokuwapo kalsiamu hushuka, na ikishuka sana mtoto hukakamaa na kutetemeka. Kwetu sisi mtoto akikakamaa huambiwa ana degedege, akafukizwa ubani, akavalishwa hirizi, na fundi akalipwa fedha yake. Na ilhali dawa ya mtoto huyu ni kalsiamu na vitamini D. Watoto kama hawa wameelezwa pia Kuwait, Qatar na Oman, nchi ambazo wengi katika sisi tuna ami na shangazi huko.

Mwaka 2002 ikajulikana jeni yenye kosa, nayo huitwa TBCE. (Jeni, wala si jini, twalisema hili kwa kuwa twawajua watu wetu.) Ikaonekana tena kwamba ugonjwa mwingine, unaojulikana kwa majina ya Kenny na Caffey, ambao ganda la mifupa mirefu huwa nene na mfereji wa uboho ukawa mwembamba, katika ile namna yake inayorithiwa kwa baba na mama pamoja, watoka katika jeni hiyo hiyo. Na lililo kubwa zaidi ni hili: jamaa mbali mbali za Kiarabu zenye watoto hawa zilikutwa na kosa moja lile lile, herufi 12 zimeanguka, katika maandiko ya urithi ambayo herufi zake ni kiasi cha milioni elfu tatu. Mwanachuoni akiona nuskha tano za kitabu kimoja, na zote zimeruka maneno yale yale pahala pale pale, hujua kwamba zimenakiliwa kutoka nuskha moja ya zamani. Hali kadhalika hapa. Mzee mmoja, mwenye afya yake, aliyeishi tusipomjua jina, alirithisha kosa hilo, nalo likapita kimya katika vizazi.

Lilipitaje kimya? Kila mmoja wetu ana nuskha mbili za kila jeni ya namna hii, moja ya baba na moja ya mama. Nuskha moja ikiwa na kosa, mwili husoma ile iliyo sahihi, na mwenyewe huishi mzima wala hajui. Ni mpaka wakutane mume na mke ambao wote wawili wamebeba kosa lile lile, ndipo katika kila mimba huwa na fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa. Twasema katika kila mimba, kwa sababu wako wanaodhani kwamba wakishapata mmoja mgonjwa basi watatu wajao wamesalimika. Hesabu haiendi hivyo. Kila mimba huanza upya na fungu lake.

Natija ya maneno haya ni kubwa kwa wake zetu. Ni wangapi wameachwa, au wameletewa mke mwenza, kwa kuambiwa kwamba tumbo lao lina kasoro? Katika ugonjwa wa namna hii hakuna njia ya mtoto kuupata illa baba naye ametoa sehemu yake sawa sawa na mama. Na katika sahihi za Bukhari na Muslim mna khabari ya bedui aliyemwendea Mtume (s.a.w.), mkewe amezaa mtoto mweusi, naye anaashiria kumtuhumu. Mtume akamuuliza juu ya rangi ya ngamia zake, na kama miongoni mwao yumo wa rangi ya kijivu, na huyo ametoka wapi. Bedui mwenyewe akajibu kwamba labda ni asili ya mbali iliyomvuta. Basi akaambiwa na mtoto wake huenda ni vivyo hivyo, wala hakupewa ruhusa ya kumkana. Asili iliyofichika ilitajwa pale ili kumwokoa mwanamke na tuhuma. Sisi leo tunapoijua asili hiyo kwa herufi zake, itakuwa ni ajabu tukiitumia kwa kumtuhumu.

Ama wale vijana wanaotaka ndoa za jamaa zipigwe marufuku, twawaambia kwamba halali ya Mwenyezi Mungu haiharamishwi kwa hasira. Sayyidna Ali alimuoa binti wa bin ami yake, na Mtume mwenyewe alimuoa Bibi Zaynab, binti wa shangazi yake. Na yale maneno yanayosambazwa kuwa ni hadithi, ya kuamrisha kuoa mbali ili kizazi kisidhoofike, hayakuthubutu kutoka kwa Mtume, hata kama maana yake yampendeza mtu. Tena hesabu yenyewe ni ya wastani. Katika mji wa Bradford, Uingereza, walichunguzwa watoto zaidi ya 11,000, na matokeo yakatolewa mwaka 2013: kasoro za kuzaliwa nazo zilikuwa kama 3 kwa mia kwa jumla, na kwa watoto wa bin ami na bint ami kama 6 kwa mia. Hatari imekuwa maradufu, wala si jambo la kudharauliwa, lakini 94 katika mia wamezaliwa salama.

Wala si kila ugonjwa wa kurithi wa mifupa waletwa na ujamaa. Mwaka 1934 bingwa wa mifupa wa Uholanzi, Murk Jansen, alieleza ugonjwa ambao viungo vya mtoto hubaki vifupi na kupinda. Mwaka 1995 sababu yake ikajulikana: kipokeo cha homoni hii hii ya parathairoidi, ambacho ni kama kufuli na homoni ni ufunguo wake, kimekwama wazi na kufanya kazi hata ufunguo usipokuja. Nuskha moja tu yenye kosa yatosha kuuleta, na mara nyingi kosa huzuka upya kwa mtoto ambaye wazazi wake ni wazima na hawana udugu wowote. Mwenye kulaumu ndoa za jamaa atasema nini hapo?

Sasa tuwarudie wale wa tawakkul. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham alifika Sargh, akapata khabari ya tauni. Akashauriana na Muhajirina, na Ansari, na wazee wa Kikureshi, kisha akarudi na watu wake. Abu Ubayda alimpinga kwa hoja hii hii ya qadari, na Umar hakuikubali, kwa kuwa alikuona kurudi kwake nako kumo ndani ya qadari. Kwa hiyo hoja ya barazani si mpya, na jawabu yake si mpya.

Na Saudia, ambako hapana atakayesema kuwa hawazijali sharia, tangu mwaka 2004 wachumba wote hulazimika kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya akdi. Ugonjwa wetu wa vitezi haumo katika kipimo hicho cha wote, lakini njia yake ya kurithiwa ni ile ile. Na hapa kwetu pwani selimundu yatosha kutushughulisha. Serikali ya huko yalazimisha kupima tu. Majibu yakiwa mabaya, wachumba wana hiari ya kuoana. Mwaka 2004, katika wale waliokutwa wote wawili wamebeba, kama 9 kwa mia ndio walioacha posa. Mwaka 2009 walikuwa zaidi ya 50 kwa mia. Hawakukatazwa na mtu, walijua, wakachagua.

Tumefika kwenye suala lenyewe. Yule binti mwenye ndugu mgonjwa, ikiwa yeye ni mzima, ana mafungu mawili katika matatu ya kuwa mbebaji. Na kaka yake mzima ana mafungu hayo hayo. Lakini tuitazame desturi yetu: kaka huenda kuposa popote na haulizwi na mtu, na binti huchunguzwa kama bidhaa sokoni. Kwa rai yetu, anayetaka binti apimwe na ampime kijana wake kwanza, au wapimwe siku moja. Kijana akionekana hakubeba kosa lile, kubeba kwa binti hakuwadhuru watoto wao kwa ugonjwa huo, na hapana haja ya jina lake kupita midomoni mwa watu. Mkaguzi wa damu na tabibu wameaminiwa siri, nao wakiitoa wamekhini.

Ama kuficha, twatofautisha. Kuitangaza khabari ya mtoto mgonjwa msikitini au harusini ni kuvunja sitara, na halazimishwi mtu. Kumficha mposaji anayeuliza kwa nia njema, na hasa ikiwa ni bin ami ambaye huenda amerithi kwa babu yule yule, ni ghishi, kwa sababu atakayelipa ni mtoto ambaye bado hajazaliwa na hakushauriwa. Mposaji aliyeambiwa, akarudi nyuma, naye yampasa anyamaze.

Na waliokwisha kuoana kisha wakajua? Hatuoni kuwa hiyo ni sababu ya kumwacha mke. Wamweleze tabibu mapema, na kila mtoto anapozaliwa apimwe kalsiamu katika siku zake za mwanzo, kabla ya kukakamaa, ili dawa ianzwe hapo.