Kazi Isiyohesabiwa

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui saa. Alfajiri huamka akilia. Huoshwa, hupewa uji, huumwaga, hulishwa tena. Mara yu karibu na moto, mara ametia udongo kinywani. Jioni mama yake akiulizwa, "Leo umefanya kazi gani?" hana la kuonyesha, maana kesho yote yataanza upya.

Nasi akina baba twafanyaje? Twarudi kutoka ibadani, twaketi, na mtoto akilia twasema, "Mwondoe huyu." Je, si aibu? Tumemwimbia Baba wa mbinguni, kisha twakataa kuwa baba nyumbani.

Martin Luther, alipoandika juu ya maisha ya ndoa mwaka 1522, alisema ya kuwa baba afuaye vitambaa vichafu vya mtoto wake kwa imani, ijapokuwa watu humcheka, Mungu na malaika zake humfurahia. Naye nabii Hosea atuonyesha Mungu mwenyewe kama mzazi amfundishaye mtoto kwenda, akimshika mikono.

Basi jioni hii, kabla ya sala, na tumpokee mtoto mikononi mwa mama yake. Tumwoshe miguu, tumlishe polepole. Akiutema uji, tusikasirike. Sisi nasi twaanguka kila siku, wala Baba yetu hachoki kutuinua. Amin.