Kushusha Kioo

Mjomba wangu ana Datsun 240Z. Ukikaa naye dakika kumi utaambiwa kwamba gari la aina hiyo lilishinda East African Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Asichokitaja mjomba ni harufu.

Ukipita mataa mawili ya Msimbazi unaanza kuusikia moshi kooni. "Ndo magari ya zamani hayo," anasema, kisha anashusha kioo. Tangu nikiwa mtoto dawa ilikuwa hiyo hiyo.

Gari hilo lina viti viwili tu. Sisi watoto tulikuwa tunapakiwa nyuma, sehemu ya mizigo, na siku hizi anakaa hapo binti wa dada yangu, mwenye miaka sita. Mwezi uliopita tulimchukua shule, tukakwama kwenye foleni ya Kariakoo. Tunakaribia Gerezani, kumbe kashalala. "Gari linambembeleza," mjomba akacheka. Nilipomwamsha alisema kichwa kinamuuma. Tukaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alisubiri injini ipoe. Alipoiwasha, msaidizi wake aliziba bomba la moshi kwa tambara kwa sekunde chache tu, yeye akainama kusikiliza. Muungio mmoja wa egzosi ulikuwa unapumua. Akaupaka maji ya sabuni, ukatoa mapovu. Halafu akaweka tochi inayowaka ndani ya gari, akafunga mlango wa nyuma, akatufunika sote na turubai. Gizani tuliona mwanga ukichungulia kwenye gasketi za taa za nyuma na chini ya mpira wa mlango.

"Mwanga unapotokea ndipo moshi unapoingilia," alisema. Akatueleza kwamba gari likienda, hewa ya nyuma yake hupungua nguvu, moshi ukabaki unazunguka pale pale. "Mzee, ukishusha kioo cha mbele, hewa ya ndani inatoka, gari linavuta nyingine kwa nyuma. Wewe unapata upepo, mtoto anapata moshi."

Maneno hayo hayajaniacha.

Sumu yenyewe, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tulichokuwa tunanusa ni vitu vingine vinavyotoka nayo. Je, mtu ana hatia kwa sumu asiyoweza kuinusa? Aristotle alikubali kwamba kutojua ni udhuru, ila si pale ambapo mtu mwenyewe ndiye chanzo cha kutojua kwake. Mfano wake ulikuwa mlevi.

Mjomba hakuwa mlevi, na jina la sumu hakulijua. Lakini kila aliposhusha kioo alikuwa anakiri kwamba kuna kitu. Mkono ulijua, mdomo ukasema ni uzee wa gari. Nadhani hapo ndipo udhuru unapoisha: si siku unapopata maelezo yote, ni siku unapoanza kujikinga. Ukishatafuta upepo wako, huwezi tena kusema hukujua kwamba kuna moshi. Kilichobaki ni kugeuka uone nani amekaa nyuma yako.

Najisemea na mimi. Kazi yangu ni uandishi wa habari, nalipwa kuuliza maswali. Siku ile nilikuwa kiti cha mbele, kioo changu kimeshuka hadi chini.

Fundi akataja bei ya mpira, gasketi na kuchomelea. Mjomba hakubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Alisimama akiutazama ule mlango wa nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hata nyie, wakati ule..."

Jibu la adabu lilikuwa tayari mdomoni: wala, mjomba, mbona tumekua salama. Nikaona nikilisema nitakuwa nimeshusha kioo tena.

"Tulikuwa tunaumwa vichwa, mjomba."

Akatikisa kichwa. Gari tukaliacha pale, mtoto tukamrudisha nyumbani kwa mwendokasi.