Homa Isiyoonekana Kwenye Kipimo

Mtumiaji wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ana sura mbili: moja akiwa ameshavuta au kujidunga, nyingine dawa ikianza kumwishia, hali inayoitwa arosto. Ndugu wengi huiona ile ya pili, wakaiita malaria.

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ni rahisi kukosea hivyo. Malaria imezoeleka, na kijana anayelala kutwa baada ya kukesha akivua kamba hamshangazi mtu. Lakini mwenye arosto hutokwa na kamasi na machozi, hupiga miayo mfululizo, vinyweleo humsimama, mifupa humuuma, tumbo humsokota akaharisha. Hali hiyo huanza kati ya saa 6 na 12 tangu atumie mara ya mwisho. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Kinachomfichua zaidi ni nafuu yake: hutoka kidogo, akarudi mzima. Hakuna malaria inayopona kwa robo saa.

Akishatumia, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, hata penye giza. Akiwa na arosto hutanuka. Aliyetumia pia husinzia huku tonge liko mkononi, akiitwa huitika, kisha kichwa kikainama tena. Hujikuna, na choo humkauka. Mikono mirefu ya shati wakati wa jua kali la Kibiti huweza kuficha alama za sindano. Kupotea tu kwa vitu nyumbani hakuthibitishi kitu. Wezi wasiogusa unga ni wengi.

Zipo familia zinazomtoa kijana Dar es Salaam na kumrudisha kwa babu yake kijijini ili aache unga. Ni kweli arosto kali hupita katika wiki moja hivi, ila mwili nao huwa umepoteza mazoea, na kiasi alichokimudu zamani sasa chaweza kumuua. Asipoamka akitikiswa, akakoroma, pumzi zikawa za kuhesabika na midomo ikageuka rangi, alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali, ambako naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, ikiwapo, huweza kurudisha pumzi.

Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, ilianza nchini katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na wengi huihitaji kwa miaka. Kwa anayeishi ndani ya mikoko, ambako boti ya kwenda bandari ya Nyamisati hungoja maji yajae, sharti hilo la kila siku ni zito kuliko arosto yenyewe.