Mgeni Asiyepewa Jembe

Mtu aliyekulia Mbweni, Unguja, akaishi ughaibuni miaka na miaka, kisha akarudi na kulala hotelini, tumwite nani? Serikali ina jibu lake. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua pasipoti ya Uingereza hushuka uwanja wa ndege wa Zanzibar akiwa mgeni, na tangu Oktoba 2024 hutakiwa awe na bima ya lazima ya wageni ya dola 44. Inauma kuilipa karibu kabisa na mtaa uliokulea. Lakini risiti haijui kwako ni wapi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii ni mgeni anayelipa ili siku ya tatu isifike. Hatumwi dukani, haitwi kuchimba kaburi, haulizwi kwa nini hakuonekana arusini. Mimi naona mpaka uko hapo. Kumbukumbu haitoshi kumfanya mtu mwenyeji, wala ujuzi hautoshi. Mtembeza watalii hodari huenda akaijua Mbweni kuliko mzaliwa wake. Kwako ni pale ambapo watu wana haki ya kukulaumu.

Mbweni yenyewe inalijua jambo hili. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilinunua shamba hapa mwaka 1871 ili kuwapa makazi watu waliookolewa utumwani. Wasichana walijengewa shule ya St Mary's, na kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu mwaka 1882. Leo magofu ya shule ile yamo ndani ya uwanja wa hoteli: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hazina paa, mizizi imepenya kwenye nyufa, na wageni wanapiga picha. Wengi waliosoma humo walinyakuliwa wangali watoto. Hawakuwa na njia rahisi ya kurudi walikozaliwa. Mwaka 1876 askofu wa misheni hiyo, Edward Steere, aliongoza kundi la watu wa Mbweni kuelekea pande za Ziwa Nyasa, walikotoka baadhi yao. Waliishia Masasi. Si wote waliokuta mama au mjomba akiwangoja, ila walilima, wakazikana, wakagombana na kupatana, na Masasi ikawa kwao. Waliobaki Mbweni nao wakafanya vivyo hivyo.

Namkumbuka pia Salme binti Said, bintimfalme wa Zanzibar. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akarejea 1885 akifuatana na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kuonana naye. Siasa ilikuwamo, tena nyingi. Hata hivyo, mgeni wa kawaida angekaribishwa kwa kahawa na halua. Hanuniwi mgeni, hununiwa ndugu. Ule mlango uliofungwa ulikuwa ushahidi mchungu kwamba bado alikuwa wa nyumba ile.

Basi mtu wetu anapiga hodi Mbweni, anaamkia, "Shikamoo, bibi," na bibi baada ya kuitika anamtazama kwa muda. "Umetutupa, mwanangu. Baba yako mkubwa kafariki, hata kuhani hukuja?" Anataka kueleza habari za kazi, nauli, ruhusa. Mkono unakwenda mfukoni, atoe chochote. Auzuie kwanza. Msaada una wakati wake, lakini pesa inayotolewa ili lawama ikome ni pesa ya kitalii. Bibi huyu hajaomba kitu, amempa jembe.

Wewe unayerudi msimu huu, lala hotelini ukitaka. Nyumba za ndugu zimejaa, na hakuna ubaya. Ila kabla ya kwenda kuogelea Nungwi au Paje, uliza ni nani waliofariki ulipokuwa mbali. Nenda ukahani nyumba kwa nyumba, ukae mkekani, na wakikulaumu usijitetee.