Kahawa Ghalani na Haki za Watu

Katika vijiji vya Mlima Kilimanjaro mwenye kahawa kavu ghalani hukabiliwa na swali moja kila msimu: auze leo, au angoje bei ipande? Wengi hudhani hili ni jambo la hesabu tu. Kwa hakika dhamiri nayo ina neno hapa.

Hesabu yenyewe ni ngumu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na mwaka 1977 ratili moja ya arabika ilipita dola 3 katika soko la New York. Lakini bei nzuri huwavuta watu kupanda, na mbuni huzaa baada ya miaka mitatu au minne. Ndipo wingi huangusha bei. Julai 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana mauzo yalivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ratili ilikuwa chini ya senti 50. Februari 2025 ilipita dola 4. Nani aliyajua haya kabla? Husemwa yupo mnunuzi ajuaye bei ya mwezi ujao. Angeijua, asingehangaika kununua kahawa. Kilele cha Kibo huonekana mawingu yakiondoka, bali kilele cha bei hakijulikani mpaka kimekwisha kupita.

Basi aliyeuza wiki moja kabla ya bei kupanda hakuibiwa kitu. Anahuzunikia mali ambayo haikuwa yake kamwe, na huzuni hiyo ndiyo humfanya msimu ufuatao angoje kupita kiasi.

Je, kungoja ni dhambi? La. Mtume Muhammad s.a.w. alikataza kuhodhi chakula ili bei ipande, na mwenye magunia ya mahindi wakati wa njaa ajue anaambiwa yeye. Kuzuia kahawa hakumlazi jirani na njaa. Lakini usijipe haki upesi. Vibarua waliochuma wamelipwa? Deni la dawa za mibuni je? Deni likifika wakati wake, na malipo yake yamo ghalani, mwenye kungoja anacheza kamari kwa mali ya wengine: bei ikipanda, faida ni yake; ikishuka, kibarua ndiye anayekosa. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna hakimu atakayemwita.

Utasema baba anawajibika kuwatafutia wanawe bei bora. Ni kweli. Chama cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilizoea kumpa mkulima malipo ya kwanza, kisha ya pili baada ya mauzo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1990, mkulima aliweza kuuza yote kwa fedha taslimu siku moja. Lakini hakuna aliyemlazimisha. Auze kwanza kiasi kinachomaliza haki za watu na ada ya shule. Kilichobaki akingoje akipenda, akiwa ameamua mapema bei itakayomtosha. Na bei hiyo aitaje mbele ya mkewe, ambaye mara nyingi ndiye aliyeianika kahawa hiyo na kuichagua punje kwa punje, kabla habari za mnada hazijafika.