Mwana Hutazama Kisogo cha Nina

Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko haoni uso wa mama yake. Huona shingo, ukosi wa gauni na nywele zilizosukwa, na akichungulia juu ya bega, huiona mikono ya mama ikipima unga, ikichota maji, ikihesabu chenji. Wahenga walimchunguza sana mtoto huyo ndipo wakasema: mwana hutazama kisogo cha nina, yaani cha mama. Wangeweza kusema hutazama uso. Lakini uso ndio tunaomwelekezea mtoto tunapomfundisha na kumwonya, ilhali kisogo hubaki nyuma yetu tukiwa katika shughuli zetu, bila kujua kama tunaangaliwa.

Methali hii hutumiwa zaidi kwa kulaumu. Binti akiharibikiwa, majirani huitaja na macho yao humgeukia mama. Kwangu mimi, matumizi hayo yanaidhulumu methali na yanamdhulumu mama. Iweke kando ya "Samaki mkunje angali mbichi" au "Udongo uwahi ungali maji." Katika hizo mzazi ndiye mtendaji, na mtoto ni kitu cha kukunjwa na kufinyangwa. Hapa mama hafundishi lolote, ana mambo yake. Anayefanya kazi ni mtoto. Hiyo ni falsafa nyingine kabisa ya malezi.

Lugha inaithibitisha. Hakuna mama anayemkalisha mtoto wa miaka miwili akamfundisha ngeli. Mtoto huanza na "maji," kisha "taka maji," na kabla hajashika daftari anasema "kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umeanguka," upatanisho uko sawasawa. Kanuni ambazo mtu mzima mgeni huzitolea jasho darasani, yeye amezichuma pia katika maongezi yasiyomhusu: mama na shoga yake ukumbini, bibi akipatana bei na muuza samaki mlangoni.

Ni kweli kwamba yako mambo yanayotaka mkono wa makusudi. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wachanga wa Kipsigis huko Kokwet, magharibi mwa Kenya, akakuta kwamba walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Mama zao waliwazoesha: waliwaketisha katika kishimo kilichochimbwa ardhini na kuwaegemeza kwa blanketi, wakawashika makwapa wajifunze kukanyaga. Kutambaa hawakuzoeshwa, na katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao. Kwa hiyo hata miguu ya mtoto hufuata kile ambacho watu wake wanakithamini.

Je, mtoto basi ni nakala ya mzazi? Mwangalie msichana wa miaka minne akicheza uani. Amefunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha khanga, ameinama anapuliza moto usiokuwapo. Analibembeleza gunzi, mara analikaripia: "Nimekwambia mara ngapi?" Sauti ni ya mama yake, na msonyo ni wa mama yake. Lakini gunzi kulifanya mtoto, majani kuyafanya mchicha, kifuniko cha soda kukifanya shilingi mia, hayo ni ya akili yake mwenyewe. Anajizoeza kukifanya kitu kisimame badala ya kingine, na uwezo huohuo ndio atakaouhitaji siku atakapokutana na herufi na tarakimu. Methali imesema hutazama tu. Atakachokifanya kwa alichokiona imemwachia mwenyewe.

Panapoumiza ni pale mtoto anapojifunza yeye ni nani na wengine ni nani. Mama anatembea na mwanawe mtaani. Anakutana na mzee aliyevaa kanzu safi, anamsukuma mtoto mbele: "Mwamkie babu." Mtoto anasema shikamoo, anaitikiwa marahaba, anasifiwa kwa adabu. Hatua chache mbele wanapishana na mzee mwingine, rika lilelile, anayesukuma mkokoteni wa taka. Mama anapita kimya. Hakusema kwamba mzee yule hastahili heshima, na ukimuuliza atakana kwa kiapo. Lakini mtoto amekwisha kujua salamu zinakomea wapi, na ya kuwa yeye ni wa upande gani. Somo la adabu lilikuwa moja, lililobebwa na kisogo lilikuwa jingine.

Wala kisogo si cha mama peke yake. Baba anayemwambia mtoto aliyefungua mlango, "Waambie sipo," amegeuza mgongo na mtoto anatazama. Kaka mkubwa yumo, dada wa kazi yumo, na sote tunaoinamia simu mezani wakati mtoto anasimulia ya shuleni tumo. Kumtwika mama mzigo huu peke yake ni kukwepa.

Kwa hiyo, mzazi ukiitwa shuleni kwa sababu mwanao ametukana au amemdharau mwenzake, nenda, msikilize mwalimu mpaka mwisho. Ila kabla hujashika fimbo, keti na wa nyumbani kwako muulizane neno lile mara ya mwisho lilitamkwa na nani, na likiwa limetoka kwako, mwambie mtoto hivyo.