Uzuri Usiosahaulika



Dada mmoja alituuliza baada ya ibada: "Mchungaji, vita vimeniharibu uso. Nani atakumbuka kwamba nilikuwa mzuri?" Hatukuwa na jibu siku ile.

Tuseme kweli, uzuri wa mwili si dhambi. Mungu ndiye aliyeumba uso, na siku ya Jumapili tunafurahi kuwaona mama zetu ndani ya vitenge vyao. Lakini hapa Bujumbura tunaona pia mabinti wanaotumia pesa ya mboga kununua mafuta ya kubadilisha ngozi, wakidhani bila hayo hawataonekana.

Tumkumbuke Esta. Alikuwa yatima, mtoto wa watu waliohamishwa kwao. Wasichana wengi walikusanywa pamoja naye kwa mfalme, na kila mmoja alipakwa mafuta na manukato kwa miezi 12. Wote walikuwa wazuri. Nani kati yetu anajua jina la mwingine? Tunamjua Esta, kwa sababu alihatarisha maisha yake kwa ajili ya watu wake.

Hata Burundi hii ina mfano. Tarehe 24 Oktoba 1993, huko Ruyigi, Marguerite Barankitse, anayeitwa Maggy, alifungwa kwenye kiti, akalazimishwa kutazama watu 72 wakiuawa. Waliouawa walikuwa Wahutu, na wauaji walikuwa Watutsi, watu wa kabila lake. Aliokoa watoto 25, kisha akaanzisha Maison Shalom kulea yatima bila kuuliza kabila. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akawa mkimbizi Rwanda, na huko pia akaendelea kuhudumia wakimbizi wenzake. Watoto wale 25 hawawezi kuusahau uso wake, kwa sababu ni uso wa mtu ambaye hakuwaacha.

Hatusemi kwamba mateso humpamba mwanamke. Vita havijampamba mtu. Tunasema kwamba macho husahau haraka walichokitamani, lakini aliyeokolewa hamsahau aliyemwokoa. Wababa, wafundisheni hivyo mabinti zenu, na vijana wenu pia wanaotafuta wachumba.

Jumapili iliyofuata tulimjibu dada yetu: "Tulipokuwa tunakimbia, ulimbeba mgongoni mtoto wa jirani. Leo mtoto huyo anasoma, na kila akikuona anakimbia kukupokea mzigo. Yeye anakumbuka."